Kumwaga oili ya gari lako mwenyewe kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili kwa mwenye Toyota IST

Ukienda gereji ya mtaani Dar es Salaam, ujira wa fundi wa kumwaga oili ni mdogo, na kwenye maduka mengine hutozwi kabisa ukinunua oili palepale. Kwa hiyo usijifunze kazi hii ukidhani utaokoa fedha nyingi. Fedha yenyewe inakwenda kwenye oili na filta, na hivyo utavinunua vilevile.

Sababu ya kujifunza ni kujua. Ukimwaga oili mwenyewe unajua ni namba gani iliyoingia, zimeingia lita ngapi, filta imebadilishwa kweli au imefutwa vumbi tu, na bolti ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) imekazwa kwa mkono au imekandamizwa kwa bomba mpaka thredi zikafa. Gari nyingi tunazoendesha zilishatembea Japani kabla hazijapanda meli, na magonjwa mengi makubwa ya injini zake, ukiyafuatilia, yanaanzia kwenye oili: ilichelewa, ilipungua, ilikuwa bandia, au ilikuwa nzito kupita kiasi. Ni kazi ya saa moja na nusu kwa anayeanza, na haihitaji nguvu za ajabu.

Nitaeleza kwa kutumia Toyota IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1496. Injini hiyo imo pia kwenye Probox, Raum, Funcargo, Platz na baadhi ya Allion na Premio, kwa hiyo mengi humu yatakufaa hata kama huna IST. Kama gari lako ni jingine, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni ujazo wa oili, namba ya filta na saizi ya spana. Fungua boneti utafute kibati cha chesisi: kimeandikwa aina ya injini na cc zake. Piga picha kibati hicho. Dukani watakuuliza.

Lini oili imwagwe

Ratiba ya Toyota kwa soko la Japani, kwa injini ya petroli isiyo na tabo (turbo), ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake, yaani kilomita 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi ngumu. Sasa pima mwenyewe. Foleni ya Mwenge au Mbagala, injini inaunguruma saa nzima na odomita haisogei. Vumbi la barabara ya mchanga. Safari fupi za shule na sokoni ambazo injini haipati hata kupata moto sawasawa. Hiyo yote ni kazi ngumu. Mimi nashauri kilomita 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia, ukitumia oili nzuri. Kwa oili ya kawaida ya bei nafuu, wengi hapa wanamwaga kila kilomita 3,000, na sioni sababu ya kuwapinga.

Usisahau hiyo miezi sita. Gari linalolala uani wiki nzima na kutoka Jumapili tu, oili yake nayo inazeeka, inakusanya unyevu na mabaki ya petroli.

Kununua oili

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kuliko hata chini ya gari.

Kwenye galoni utaona maandishi kama 5W-30, 10W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza jinsi oili inavyotembea injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inapanda juu haraka asubuhi unapowasha. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Injini ya 1NZ-FE ilikusudiwa oili nyepesi, na 5W-30 ndiyo inayoikaa vizuri. 10W-30 nayo inafaa kwa hali ya hewa yetu.

Utasikia ushauri wa kuweka “oili namba 40” au 20W-50 kwa sababu “gari limeshachoka” na “huku kuna joto”. Kwa injini yenye VVT-i, yaani mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, kama hii ya 1NZ-FE, huo ni ushauri mbaya. VVT-i inaendeshwa kwa presha ya oili hiyohiyo, ikipita kwenye vinjia vyembamba na vali ndogo yenye chujio dogo. Ukijaza oili nzito, inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na mfumo mzima unafanya kazi kwa kujivuta. Kama injini inakula oili au inatoa moshi wa bluu, ugonjwa upo kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Oili nzito inauficha kwa muda tu.

Tafuta pia alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, na herufi mbili zinazoifuata. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili inaonyesha kizazi: SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, na SP 2020. Kwa IST, chochote kuanzia SL kwenda juu kinatosha, na siku hizi SN na SP zinapatikana kirahisi. Usinunue galoni ambayo haina daraja lolote la API, hata kama rangi ya lebo inavutia.

Kuhusu oili bandia: zipo, na zimefungwa vizuri kiasi cha kumdanganya mzoefu. Nunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenye oili hiyo au kwa wakala anayetambulika. Angalia pete ya plastiki chini ya kifuniko: iwe nzima na ikatike unapofungua. Chini ya kifuniko mara nyingi kuna karatasi ya foili, na namba ya toleo huwa imechapwa kwenye galoni lenyewe, haikuandikwa kwenye stika inayobanduka. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine, ondoka. Ukimaliza kazi, toboa galoni tupu kabla ya kulitupa, kwa maana galoni safi lenye lebo nzuri ndilo linalotafutwa na wanaojaza oili iliyokwisha kutumika.

Ujazo: 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni la lita 4 linatosha na kubaki kidogo cha kuongezea baadaye.

Filta na wosha

Filta badilisha kila unapomwaga oili. Kuacha filta ya zamani ni kuchanganya oili safi na uchafu uliokaa humo tangu mara iliyopita. Filta halisi za Toyota za aina ya kopo zina namba inayoanza na 90915. Tarakimu zinazofuata hutofautiana kulingana na gari, kwa hiyo nenda dukani na ile picha ya kibati. Kwa walioko Dar, Gerezani Kariakoo utapata kila aina, za kweli na za kuiga, na kwa walioko Nairobi mambo ni hayohayo Kirinyaga Road. Filta nzuri ukiishika ni nzito kidogo, raba yake ni laini na imekaa sawasawa kwenye mfereji wake, na thredi za ndani ni safi, hazina makombo ya chuma. Ikiwezekana fananisha na ya zamani: kipenyo cha raba na cha tundu la thredi lazima vilingane.

Nunua pia wosha ya bolti ya sampu, ile pete nyembamba inayokaa kati ya bolti na sampu kuzuia kuvuja. Kwa Toyota hizi namba yake ni 90430-12031. Ni kitu cha fedha ndogo sana ambacho mafundi wengi hawakibadilishi, na ndiyo sababu ukipita kwenye maegesho unaona doa jeusi chini ya kila gari la tatu. Wosha imetengenezwa ibonyee mara moja tu. Ukiirudisha ileile, itabidi ukaze bolti kwa nguvu zaidi ili isivuje, na hapo ndipo thredi zinapoanza kufa.

Vifaa

Utahitaji ringi spana au soketi ya 14, spana ya kufungulia filta (ya mnyororo, ya mkanda au ya kofia), beseni pana linalochukua lita tano au zaidi, faneli, matambara ya kutosha, glovu za raba, boksi la katoni la kulalia na kuzuia matone, tochi ya kichwani, na kidumu tupu chenye kifuniko cha oili chafu. Usitumie spana ya mdomo wazi kwenye bolti ya sampu. Inashika pande mbili tu, ikiteleza inakula kona za bolti, na bolti iliyolika kona ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Kunyanyua gari

Soma sehemu hii mara mbili. Oili ikimwagika utapangusa, lakini gari likikuangukia hakuna la kupangusa.

Kwa mara ya kwanza, njia salama ni shimo. Gereji nyingi na baadhi ya vituo vya mafuta vina shimo la kufanyia kazi. Ongea na mwenyewe, mlipe kitu kidogo, fanya kazi yako bila kunyanyua tairi hata moja. Utakuwa umesimama, mikono huru, na kama kitu kimekushinda kuna mtu wa kumuuliza.

Kama unafanyia nyumbani, tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Mchanga na udongo havifai, kwa kuwa jeki inazama taratibu bila wewe kuona. Weka gia P, vuta hendibreki hadi mwisho, kisha weka mawe makubwa au vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya nyuma yote mawili. Hatua hii ya mawe wengi wanaidharau. IST ya kawaida inavutwa na matairi ya mbele, na gia ya P inafunga hayohayo ya mbele. Ukiyanyanyua, P haishikilii kitu tena. Gari linabaki kushikwa na hendibreki na mawe yako.

Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki hiyo peke yake, wala na jeki ya toroli peke yake, hata kwa kunyoosha mkono kuokota spana. Nyanyua kwa jeki, halafu weka stendi mbili za chuma, kulia na kushoto, kwenye sehemu zilizoimarishwa chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi la mbele, pale penye alama mbili za mkato kwenye ukingo wa bodi. Ukitumia jeki ya toroli kunyanyua mbele, iguse chuma kinene cha fremu. Isiguse sampu wala sahani ya gia boksi. Shusha gari likae juu ya stendi, acha jeki ikiwa imegusa tu kama msaada wa pili, kisha shika bampa ulitikise gari kwa nguvu. Likicheza, anza upya. Matofali ya saruji usiyatumie kamwe badala ya stendi. Yanabeba mzigo leo na kesho, siku nyingine yanapasuka ghafla bila dalili.

Mwambie mtu nyumbani kwamba unaingia chini ya gari.

Kumwaga

Washa injini dakika tatu hadi tano kabla ya kunyanyua, ili oili iwe laini na ibebe uchafu ulioelea. Zima, subiri dakika kumi au kumi na tano. Unataka oili ya uvuguvugu. Gari likitoka safari ndefu, subiri zaidi; oili ya moto kweli inababua ngozi, na ekzosi iliyo karibu inababua vibaya zaidi.

Fungua boneti, toa kifuniko cha kumiminia oili juu ya injini na ukiweke mahali utakapokiona. Hewa ikiingia juu, oili inatoka chini kwa mkupuo mzuri. Vuta na dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kidogo.

Sasa ingia chini. Kama kuna kava la plastiki, fungua vibano na bolti zake uzitie kwenye kikopo. Tafuta sampu: ni bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, na bolti yake ina kichwa cha 14. Hapa tulia. Pembeni yake kuna sahani ya gia boksi, nayo ina mahali pake pa kumwagia. Anayeanza akifungua ya gia boksi kwa kudhani ni ya injini, atamwaga hydrauliki ya gia, kisha atajaza oili mpya juu ya oili ya zamani, na gari litakufa gia boksi kabla halijamaliza kilomita chache. Injini ya IST iko upande wa pulii na mikanda. Gia boksi iko upande wa pili. Fuata kwa jicho kutoka pulii ya krenki, ile ya chini inayozungusha mikanda: bakuli lililo chini yake ndilo sampu. Na kama kimiminika kinachotoka ni chekundu, funga mara moja. Hiyo ni hydrauliki ya gia.

Futa bolti na eneo lake kwa tambara. Weka beseni, si chini ya bolti kabisa, bali lisogeze kidogo kuelekea upande ambao tundu linaangalia, maana oili inaanza kwa kuruka mbali. Legeza kwa spana kinyume cha mshale wa saa, kama unavyoiona bolti ukiitazama uso kwa uso. Ikishalegea, weka spana chini, endelea kwa vidole. Ujanja wake ni huu: unapoifungua, isukume bolti kwa ndani muda wote, kana kwamba unataka kuirudisha. Thredi zikiisha utaihisi imekuwa huru, lakini oili haijatoka kwa sababu bado umeiziba. Hapo ondoa mkono haraka kwa pembeni pamoja na bolti. Oili inaruka, wewe mkono wako haupo.

Jicho lako libaki kwenye beseni. Dakika ya kwanza mruko ni mrefu. Presha ikipungua unarudi nyuma taratibu mpaka unadondoka wima, na beseni lazima lisogee nao. Acha itiririke hadi iwe tone moja moja. Dakika kumi si nyingi.

Wakati unasubiri, itazame oili. Weusi ni kawaida. Ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na gari hilo linahitaji fundi kabla ya oili mpya. Chovya kidole chenye glovu, kifikiche kwenye mwanga wa jua: ukiona vumbi linalometameta la chuma kwa wingi, kuna beringi inayosagika. Ukinusa petroli kali, kuna petroli inayoteremkia kwenye oili bila kuungua. Hakuna fundi aliyewahi kukuonyesha haya kwa sababu hukuwa pale oili ilipotoka.

Pengine mtu atakushauri kuosha injini kwa kumimina mafuta ya taa au dizeli na kuwasha kidogo. Usikubali. Mafuta ya taa hayana uwezo wa kulainisha beringi, yanabandua uchafu mkubwa kwa mpigo mmoja na kuupeleka kwenye chujio la pampu ya oili, na sehemu yake inabaki ndani kupunguza nguvu ya oili yako mpya. Injini chafu isafishe kwa kumwaga oili nzuri mapema, mara mbili tatu mfululizo.

Toa wosha ya zamani. Wakati mwingine imeganda kwenye sampu yenyewe na mtu anaweka mpya juu yake, kisha anashangaa kwa nini inavuja. Futa uso wa sampu, vika bolti wosha mpya, ianzishe kwa vidole. Lazima iingie kwa ulaini angalau mizunguko mitatu minne bila spana. Ikikataa, imeingia upande. Itoe, anza tena. Ikishafika mwisho, kaza kwa spana. Kipimo cha kiwanda ni kama Nm 37, na kama una spana ya kipimo itumie. Kama huna, shika ringi spana ya kawaida kwa mkono mmoja, kaza mpaka wosha ibane, halafu ongeza msukumo mmoja imara wa kiwiko. Usisimamie spana, usiongezee bomba.

Filta

Hamisha beseni chini ya filta, kwa sababu nayo itamwaga. Ni kopo la chuma lililo chini, pembeni mwa injini, karibu na sampu. Jaribu kwa mkono kwanza, kisha spana ya filta. Ikigoma kabisa, spana ya mnyororo inashinda. Kuichoma bisibisi ubavuni ni njia ya mwisho, kwani kopo huchanika na kukuachia shina bila pa kushika.

Ikitoka, igeuze uiangalie: raba yake ipo? Kama haipo, imebaki imeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya raba ya zamani, itaonekana imebana vizuri, utawasha gari, na oili yote itaruka nje chini ya presha ndani ya dakika chache. Pitisha kidole kuzunguka uso wa injini pale filta inapokaa, uhakikishe kuna chuma kitupu kilicho safi.

Paka oili mpya kwenye raba ya filta mpya kwa ncha ya kidole, duara zima. Raba kavu inajikunja na kukwama. Zungusha filta kwa mkono mpaka raba iguse chuma, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu. Weka alama kwa kalamu kwenye kopo ili uone ulikoanzia. Anayefunga filta kwa spana anajiandalia shida ya kuifungua safari ijayo.

Kujaza na kuwasha

Kabla hujagusa galoni, rudi chini ujiridhishe: bolti ipo na imekazwa, filta ipo na imekazwa. Halafu weka faneli na mimina lita tatu na nusu kwanza, polepole. Rudisha kifuniko na dipstiki.

Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi itawaka sekunde chache wakati filta inajaa, kisha itazimika. Isipozimika ndani ya sekunde tano au zaidi kidogo, zima injini utafute sababu. Ikizimika, acha iungurume dakika mbili, ukimulika tochi bila kuingia chini: bolti na filta vikauke. Tone likionekana, zima, kaza kidogo, angalia tena.

Zima. Shusha gari kutoka kwenye stendi, likae sawa kwenye sakafu, na usubiri dakika tano oili iteremke. Vuta dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ivute tena. Soma upande ambao oili imeishia chini zaidi. Unataka ifike karibu na alama ya juu, au F, bila kuipita. Ongeza kidogo kidogo, kikombe cha chai kwa mara moja, ukipima kila mara.

Kuzidisha nako ni kosa. Oili ikiwa nyingi, krenki inaipiga inapozunguka, inafanya povu, na povu halilainishi. Ukizidisha sana, legeza bolti ya sampu upunguze; kazi ni chafu lakini ni dakika tano.

Andika kilomita, tarehe na aina ya oili kwenye kadi, uifunge kwa uzi kwenye injini au uitie kwenye droo ya dashibodi. Ukiuza gari, kadi hizo mnunuzi ataziheshimu kuliko maneno.

Oili chafu

Mimina yote kwenye kidumu. Filta ya zamani igeuze kifudifudi juu ya beseni ijichuje usiku kucha kabla ya kuitupa. Nawa kwa sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo, usinawe kwa petroli.

Najua kwamba oili chafu ina kazi nyingi mitaani: kupaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, kupaka mbao za kumwagia zege. Bado nakuomba usiimwage wala kuipaka hovyo. Imebeba chembe za metali na kemikali zinazosababisha saratani zikigusa ngozi mara kwa mara, na mbao zilizopakwa hutumika kujengea mabanda ya kuku na vibaraza ambako watoto wanacheza. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inaeleza kwamba oili ya kumwaga mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mitaro yetu haina chujio; kinachoingia kwenye mtaro wa Kigogo kinafika Mto Msimbazi na kutoka hapo baharini. Peleka kidumu gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu kwa wanaoichakata, uulize kwanza kama wanakabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Siku zinazofuata

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tandika katoni safi chini ya injini au angalia sakafu. Pima dipstiki tena, na tena baada ya kilomita mia moja. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha, gari likiwa limelala na limesimama sawa.

Kiwango kikishuka polepole bila doa chini, injini inaunguza. Endelea kuongeza oili ya namba ileile na andika umeongeza kiasi gani kwa kilomita ngapi, kwa kuwa hicho ndicho fundi atakachohitaji kujua. Kikishuka ghafla, kuna mahali panavuja: anza kuangalia wosha, kisha raba ya filta, kisha gasketi ya kava la vali juu, ambayo kwenye gari za umri huu hukauka na kutiririsha oili upande wa nyuma hadi inaonekana kama sampu ndiyo inayovuja.

Na oili mpya ikigeuka nyeusi baada ya wiki mbili tu, usishtuke wala usimlaumu aliyekuuzia. Inabeba masizi yaliyokuwa yamegandamana ndani kutoka kwa matumizi ya nyuma, na kuyabeba ni sehemu ya kazi yake. Mara ya pili na ya tatu utaona inachelewa zaidi kubadilika rangi.